Samaki Mgeni na Kijidudu cha Ziwani

Sisi wa pwani tukisikia ziwa halina samaki twadhani ni maji matupu. Sivyo. Mna zuplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea, wengine hata jicho haliwaoni. Mmoja wa wakubwa wao ni dafnia, ambaye kutwa huchuja mwani na kuula. Pasipo samaki hunenepa na kuogelea polepole, kwani hana wa kumkimbia. Sasa mtie samaki anayewinda kwa macho: dafnia ndiye tonge la kwanza. Hubaki wadogo wadogo na kopepodi, wepesi wa kuchupa. Mwani nao, ukipungukiwa na wa kuula, hupata nafasi ya kuzidi.

Haya yameonekana Kivu, ziwa la milimani kati ya Kongo na Rwanda, mita 1,460 juu ya bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliletwa dagaa kutoka Tanganyika. Wenyeji wawaita sambaza. Mwaka 1986 Henri Dumont, mtaalamu wa Ubelgiji, aliandika kwamba dafnia wa Kivu ametoweka na zuplanktoni imepungua mno. Alihofia hata uvuvi ungeanguka. Haukuanguka. Kopepodi mchana huzama kwenye giza na usiku hupanda, na sambaza wangali wanalisha watu wa Bukavu na Goma. Siwezi kumwita samaki huyo balaa tupu. Kitoweo ni kitoweo. Ila dafnia ndiye aliyelipa.

Kwetu Kenya, trauti alitiwa mto Gura, Aberdare, mwaka 1905, ili walowezi wajistareheshe kwa ndoana. Baadaye akapandishwa hadi ziwa Rutundu, Mlima Kenya.

Nayaandika haya nikiwa kati ya Kitale na Bungoma, ambako tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 mabwawa ya samaki ni gumzo la kawaida. Bwawa la shambani sina neno nalo: likiharibika walikausha, waanza upya. Nasikia sasa wengine watamani trauti kwenye vijiziwa vya juu ya Mlima Elgon. Kule hakukaushwi kitu, na maji ya mlima ule ndiyo yateremkayo hadi Nzoia. Kabla ya kifaranga kimoja kupandishwa, maofisa wa uvuvi wa kaunti hizi mbili wapande wao kwanza, na wavu wa matundu membamba, chupa na hadubini, wahesabu kilichomo.