Uzuri wa Gari U Wapi? Umbo, Nakshi, Umaridadi na Haiba

Utangulizi

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii huthibitika kila wapenzi wa magari wanapokutana. Mmoja atashikilia kuwa halijapata kuundwa gari la kuishinda Jaguar E-Type kwa uzuri. Wa pili atamcheka, adai kuwa hilo ni gari la kutazamwa pichani tu, na kwamba uzuri wa kweli umo katika Peugeot 504. Wa tatu, kijana wa Buru Buru au Ongata Rongai jijini Nairobi na viungani mwake, atawashangaa wote wawili, kwa kuwa machoni pake hakuna kinachoweza kulinganishwa na matatu mpya iliyotoka kupakwa rangi na kuchorwa. Aghalabu mabishano ya aina hii huishia katika kauli kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Kauli hiyo huwapatanisha wanaobishana, lakini haielezi kwa nini walitofautiana.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa tofauti hizo si za kubahatisha. Wanaobishana kuhusu gari zuri zaidi huwa hawapimi kitu kimoja, ingawa wote hutumia neno moja, yaani uzuri. Kiswahili kina msamiati unaoweza kuzitenganisha sifa hizo: umbo, nakshi, umaridadi na haiba. Aidha, itabainishwa kuwa suala hili si la porojo za vijiweni pekee, kwani ladha ya wenye mamlaka huweza kugeuka kanuni ikafuta kazi ya mikono ya wengine.

Ladha na Hoja

Swali la iwapo ladha inaweza kujadiliwa ni la kale katika taaluma ya ujumi. Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, alikiri kuwa watu hutofautiana mno katika ladha, lakini akasisitiza kuwa si hukumu zote zilizo sawa. Kwake yeye, mtu aliyezoea kutazama, aliyelinganisha vitu vingi na aliyejitenga na upendeleo huhukumu vyema kuliko yule asiye na tajriba hiyo. Naye Immanuel Kant, katika kazi yake ya mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alieleza kuwa asemaye kitu ni kizuri hasemi tu kuwa kimempendeza yeye. Hutarajia wengine wakubaliane naye, ingawa hana uthibitisho wa kuwalazimisha. Hapo ndipo mabishano huzaliwa. Anayependa chai isiyo na sukari hamlaumu mwenzake atiaye vijiko vitatu, lakini anayeipenda E-Type humwona asiyeipenda kuwa amepungukiwa na jicho.

Kant alitofautisha pia uzuri ulio huru, kama wa ua, na uzuri unaotegemea kazi ya kitu chenyewe, kama wa farasi au jengo. Gari limesimama baina ya pande hizo mbili. Lina mistari na mikunjo ya kutazamwa kama sanamu, na papo hapo ni chombo cha kubebea watu na mizigo. Kwa hiyo haishangazi kwamba watazamaji wake hugawanyika.

Umbo

Kundi la kwanza la wapenzi wa magari hutazama umbo: uwiano wa boneti na sehemu ya nyuma, mkunjo wa paa, namna magurudumu yanavyokaa chini ya bodi. Kwa kundi hili gari ni sanaa ya uchongaji. Mtazamo huu ulipata hadhi ya kitaasisi mwaka 1951, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilipofanya maonyesho ya magari manane yaliyoteuliwa kwa ubora wa umbo lake. Miongoni mwayo lilikuwamo Cisitalia 202, gari dogo la Kiitaliano lililotoka katika karakana ya Pinin Farina, ambalo baadaye lilipokelewa katika hazina ya kudumu ya jumba hilo.

E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961, ni mfano bora wa kigezo hiki. Aliyeibuni, Malcolm Sayer, alikuwa ametoka katika utengenezaji wa ndege, na mikunjo ya magari yake aliikokotoa kwa hisabati ili hewa ipite bila kizuizi. Nayo Citroën DS, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955, ilitokana na mikono ya Flaminio Bertoni, Mwitaliano aliyekuwa pia mchongaji wa sanamu. Gari hilo liliwashangaza Wafaransa hata mhakiki Roland Barthes akaliandikia insha katika kitabu chake cha mwaka 1957, akililinganisha na makanisa makuu ya zama za kati.

Hata hivyo, ndani ya kundi hili hili hakuna umoja. Miaka kumi tu baada ya E-Type, katika maonyesho yale yale ya Geneva mwaka 1971, Marcello Gandini wa karakana ya Bertone alileta Lamborghini Countach, gari lenye pembe kali na bapa zilizonyooka, mithili ya kabari. Wapo waliouona mkunjo kuwa umepitwa na wakati tangu siku hiyo, na wapo wanaoiona kabari kuwa kelele isiyo na wimbo. Wote wanazungumzia umbo, ila mmoja anatafuta utulivu na mwenzake anatafuta mshtuko.

Nakshi

Kundi la pili haliridhiki na umbo pekee. Kwa watu hawa, bodi tupu ni kama mlango wa Lamu usiochongwa: kazi imeanza lakini haijakamilika. Nakshi ni kile kinachoongezwa juu ya umbo ili kuleta mvuto. Marekani ya miaka ya 1950 iliipenda nakshi hii. Chini ya uongozi wa Harley Earl katika kampuni ya General Motors, Cadillac ya mwaka 1948 ilitiwa mapezi madogo nyuma, yaliyochochewa na mkia wa ndege ya kivita aina ya P-38. Mapezi hayo yalizidi kukua hadi yakafikia kilele chake mwaka 1959. Hayakuliongezea gari mwendo wala nguvu; yalikuwa pambo, na pambo ndilo lililonunuliwa.

Nchini Kenya, nakshi ya magari imefikia upeo wake katika matatu. Chombo hiki, ambacho jina lake huhusishwa na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, kilipanuka haraka baada ya agizo la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 la kukiruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Ushindani wa kuwavuta abiria, hasa vijana, ulizaa sanaa kamili: sura za wanamuziki na wanasoka, maandishi ya rangi zinazong'aa, taa za kila aina, viti vilivyoshonwa kwa ustadi na muziki unaosikika kabla gari halijaonekana. Matatu ya namna hiyo iliitwa manyanga, na siku hizi nganya. Asemaye kuwa nganya ni gari baya kwa kuwa umbo lake ni la sanduku amekosea kigezo. Usanduku huo ndio unaompa mchoraji ukuta wa kuchorea.

Umaridadi

Sifa ya tatu ni umaridadi, yaani unadhifu unaotokana na utunzaji. Mtu maridadi si lazima awe mrembo wa sura. Ni yule aliyejiweka vizuri. Ndivyo ilivyo kwa magari. Mashindano ya umaridadi wa magari, ambayo Nairobi imekuwa ikiyaandaa tangu mwaka 1970, hujengwa juu ya kigezo hiki. Waamuzi hukagua rangi na bodi, huchungulia ndani, hufunua boneti na kuitazama injini. Katika mizani kama hiyo, gari dogo la bei nafuu lililotunzwa kwa miongo kadhaa laweza kulishinda gari la kifahari lililoachwa likapata kutu. Hapa kinachosifiwa kwa kweli si gari peke yake, bali ni uhusiano kati ya chombo na mwenyewe: subira, bidii na heshima kwa kitu cha zamani.

Haiba

Sifa ya nne ndiyo ngumu kuifafanua. Haiba ni mvuto unaotokana na mwenendo wa kitu na historia yake. Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, ilikuwa na mwili uliobuniwa na Pininfarina na taa za mbele zilizoinama kama macho yenye usingizi. Lakini walioipenda Afrika Mashariki hawakuipenda kwa macho hayo tu. Waliliona gari hilo likishinda mashindano ya Safari Rally ya mwaka 1975 na ya mwaka 1978, na wakasafiri nalo mashambani likiwa limesheheni watu na mizigo. Vivyo hivyo, Datsun 240Z ilipata haiba yake katika vumbi na matope ya Safari, iliposhinda mwaka 1971 na kurudia mwaka 1973 chini ya uendeshaji wa Shekhar Mehta. Mgeni asiyeijua historia hiyo ataona gari la kawaida. Mwenyeji ataona ushujaa. Haiba basi ni uzuri unaosomwa kwa kumbukumbu, kama kovu la shujaa.

Uzuri wa Mkakasi

Je, baada ya kuzitenga sifa hizi nne ugomvi umekwisha? La. Ubishi mwingi hutulia pindi kila mmoja anapotaja kigezo chake, lakini unabaki ubishi mmoja wa msingi: sifa hizi zinapogongana, ipi itangulizwe? Fiat Multipla ya mwaka 1998 ililileta swali hili wazi. Ilikuwa na safu mbili za viti vitatu vitatu, hivyo kubeba watu sita katika gari fupi, na kioo cha mbele kilikalia mkunjo uliofanana na nundu. Wengi waliicheka, na mwaka 2004 sura yake ikabadilishwa iwe ya kawaida. Lakini mwaka 1999 jumba lile lile la New York lilikuwa limeionyesha kama mfano wa fikra mpya. Waliocheka walitazama umbo. Waliosifu walitazama akili iliyolizaa.

Kwa upande wa pili, wahenga walionya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Matatu iliyopambwa ikameremeta lakini breki zake zimelika ni mkakasi. Onyo hili si la kupuuzwa, kwani abiria hulipa kwa maisha yao. Kanuni zilizotangazwa na Waziri wa Uchukuzi John Michuki mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, zilikuwa na msingi huo. Zilidai mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, sare kwa wahudumu na mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu. Pamoja na hayo, michoro ilipigwa vita, na magari mengi yakapakwa rangi tupu.

Hapa ndipo ladha inapogeuka jambo zito. Mkanda humwokoa abiria. Kufutwa kwa picha hakumwokoi, na kulifunga mkono wa mchoraji aliyekuwa akipata riziki yake karakanani. Hoja kwamba mstari mmoja wa rangi ulirahisisha utambuzi wa magari ina uzito wake. Lakini utambuzi na nakshi vingeweza kukaa pamoja, na jambo hilo lilidhihirika michoro iliporejea kwa wingi katika miaka ya 2010, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuiunga mkono hadharani kama kazi ya vijana. Makosa hayakuwa kutafuta usalama, bali kudhani kuwa urembo ndio uliosababisha hatari. Breki mbovu na michoro vilikuwa katika gari moja, vikahukumiwa kama kitu kimoja.

Inafaa kutafakari kwamba Cisitalia ilihifadhiwa ndani ya makumbusho ilhali matatu za miaka ya 1990 zilifutwa kwa brashi. Zote mbili zilikuwa kazi za karakana na za mikono yenye ujuzi. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilipimwa na watu waliokipenda kigezo chake, na ya pili ikapimwa na watu waliokidharau.

Hitimisho

Imebainika kuwa wapenzi wa magari hutofautiana kwa sababu neno uzuri limebebeshwa mizigo minne. Mpenzi wa umbo, mpenzi wa nakshi, mpenzi wa umaridadi na mpenzi wa haiba wanaweza kulitazama gari moja na kila mmoja akasema kweli. Hili halimaanishi kuwa kila hukumu ni sawa. Hukumu njema ni ile inayotaja kigezo chake, inayolinganisha kwa haki, na isiyochanganya kasoro ya breki na kasoro ya rangi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili funzo ni la moja kwa moja. Lugha imekwisha kumpa maneno ya kuitenga aina moja ya uzuri na nyingine, na wajibu wake ni kuyatumia kwa uangalifu, katika uhakiki wa ushairi na katika mambo ya barabarani vilevile. Jamii isiyotofautisha nakshi na uchafu hufuta kwanza, ikauliza baadaye.