Porojo za Gofu: Kweli au Uongo Kabla Msimu Haujaanza

Kiamaiko inajulikana kwa mbuzi, si kwa gofu. Lakini kata hii imo katika eneobunge la Mathare, na ukitoka Mathare ukavuka barabara ya Thika unaingia Muthaiga, penye uwanja wa mashimo 18 ulioandaa Kenya Open ya kwanza mwaka 1967. Vijana wengi wa upande huu wamevuka barabara hiyo kwenda kubeba mikoba ya wachezaji. Jioni hurudi na hela kidogo na sheria nyingi, nyingine sahihi, nyingine zilizokwisha kufutwa. Bila shaka umezisikia, kwenye matatu au ukingoja nyama iive. Msimu mpya wa wachezaji wa ridhaa unabisha hodi, basi tuzipime.

“Mpira ukipotea, una dakika tano za kuutafuta.”

Uongo. Ilikuwa kweli hadi mwisho wa 2018. Tangu Januari 2019, sheria za R&A na USGA, wasimamizi wa gofu duniani, zinazofuatwa hata Kenya, zinatoa dakika tatu tu. Hapo ndipo kedi, yaani mbeba mikoba, anapaswa kuwa macho, kwa sababu muda unaanza kuhesabiwa pale mchezaji au kedi wake anapoanza kutafuta. Kedi mchangamfu akitangulia kupekua vichakani huku tajiri wake angali njiani anapiga soga, dakika zinakatika. Mpira ukionekana dakika ya nne, hata uwe umekaa vizuri namna gani, kisheria umeshapotea: mchezaji anarudi alikopigia na kuongezewa mkwaju mmoja. Afueni ni kwamba ukiusogeza kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, siku hizi hakuna adhabu. Unaurudisha mahali pake, mchezo unaendelea.

“Ukigonga bendera ukiwa kwenye grini, umeadhibiwa.”

Uongo, tangu 2019 hiyo hiyo. Kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, iache bendera shimoni ukitaka.

“Kedi haruhusiwi kugusa mpira.”

Nusu kweli. Kwenye grini anaweza kuweka alama na kuuinua bila kungoja ruhusa. Nje ya grini, kwa kawaida mchezaji lazima aseme kwanza, na aseme kila mara. Kilichokatazwa kabisa ni kedi kusimama nyuma ya mchezaji, kwenye mstari wa shabaha, wakati mchezaji anajiweka sawa kupiga. Li Haotong wa China aliyaonja haya Dubai mnamo Januari 2019, sheria ikiwa na wiki chache tu: mikwaju miwili ya adhabu kwenye shimo la mwisho, akaporomoka kutoka nafasi ya tatu aliyokuwa amefungana na wenzake hadi ya 12. Kwangu mimi alionewa. Makelele yalikuwa makubwa hivi kwamba mwezi uliofuata wakubwa waliifafanua upya sheria yao.

“Mchezaji wa ridhaa akipokea zawadi ya maana, ridhaa imekwisha.”

Uongo, na huu ndio unaowatia watu hofu bure. Tangu 1 Januari 2022 kikomo cha zawadi ni dola 1,000 za Marekani, au pauni 700. Anayeshinda mbuzi aliyenunuliwa Kiamaiko na aende naye kwa raha zake. Mnyama huyo hafiki bei hiyo, hata wakati wa sikukuu ambapo wachuuzi hutaja bei bila kupepesa macho. Gari linalotolewa kwa atakayetumbukiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja nalo halina kikomo. Pa kuangalia ni pesa taslimu. Kwenye mashindano ya hendikapu, yaani yale ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa mikwaju, usiipokee, hata iwe shilingi mia.

Na kubeba mikoba kwa malipo hakumwondolei mtu ridhaa. Zamani mambo yalikuwa makali zaidi. Francis Ouimet, kijana aliyekulia ng’ambo ya barabara kutoka klabu ya Brookline huko Massachusetts na kuwa kedi pale pale, alishinda US Open ya 1913 akiwa na miaka 20 na bado ni wa ridhaa. Mwaka 1916 USGA ikamvua hadhi hiyo kwa sababu alikuwa na duka la vifaa vya michezo. Walimrudishia miaka miwili baadaye.

“Hendikapu ni ya mabingwa.”

Uongo, tena kinyume chake ndicho sahihi. Mfumo wa dunia ulioanza 2020 unampokea mchezaji hadi hendikapu ya 54, na unachukua wastani wa alama zako nane bora kati ya 20 za karibuni. Lile lalamiko la kibanda cha makedi, kwamba wapo wanaocheza vibaya makusudi ili hendikapu ipande wavune vikombe, ni la kweli. Ndiyo maana mtu akicheza ghafla chini ya hendikapu yake kwa mikwaju saba au zaidi, mfumo wenyewe unamkata.

“Mpira huruka mbali Nairobi kuliko Mombasa.”

Kweli. Makedi wazee walilijua hili bila kipimo chochote. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira haupati kizuizi kikubwa. Anayeshuka Nyali, Mombasa, achukue fimbo ndefu kidogo. Walisema pia kwamba majani ya huku hushika fimbo, na hilo nalo ni kweli. Nyasi ya kikuyu, mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, imepandwa hadi uwanja wa Riviera, Los Angeles, na huko pia inawasumbua wenye majina makubwa.

“Msimu huu mipira ya zamani imepigwa marufuku.”

Uongo. Tangazo la Desemba 2023 kuhusu mipira isiyoruka mbali sana linawapa wachezaji wa kawaida hadi 2030. Mipira ya kuokota vichakani ina wateja bado.

“Gofu ni ya matajiri.”

Kweli kwa kiasi kikubwa, na hakuna haja ya kupaka asali. R&A ikifupisha dakika haifupishi ada ya klabu. Ila wanaposema bila fimbo 14 huwezi kushindana, hapo wanadanganya. Kumi na nne ni kikomo cha juu. Ukija na moja, hakuna wa kukufukuza. Seve Ballesteros alijifunzia mchezo huu kwa fimbo moja kwenye ufuo wa Pedreña, Uhispania, alikokuwa kedi. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open, pale pale Muthaiga.