Vyombo vya Maua vya Kioo cha Kukatwa: Kuvitambua na Kuvithamini

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za vyombo vya maua vya zamani vya kioo cha kukatwa, viitwavyo kristali. Vyombo hivi vilitoka hasa Uingereza, Ayalandi na Marekani, na huko watu hurithishana. Mwenye kurithi asiyejua huweza kutoa kwa shilingi chache kazi ya siku nyingi ya fundi; na mnunuzi asiyejua hutoa fedha nyingi kwa kitu kilichofyatuliwa kiwandani kwa dakika moja.

Kwanza tukijue kioo chenyewe. Kioo cha kawaida hufanywa kwa mchanga, magadi na chokaa. Mwaka 1674 Mwingereza George Ravenscroft alipewa hati ya serikali ya kufanya kioo cha namna mpya, na haukupita muda mrefu akawa anakitia risasi. Risasi hukifanya kioo kuwa kizito, chepesi kukatwa, na chenye kutawanya nuru katika rangi za upinde wa mvua. Tangu mwaka 1969 sheria ya jumuiya ya nchi za Ulaya yataka kioo kiitwacho kristali ya risasi kiwe na oksidi ya risasi isiyopungua sehemu 24 katika 100. Basi dalili ya kwanza ni uzito: chombo huulemea mkono kuliko macho yalivyotazamia. Ya pili ni mlio. Kigonge polepole kwa ukucha, nacho kitalia kama kengele. Walakini chombo kinene chenye shingo nyembamba huweza kuwa bubu nacho ni cha kweli, kwa hiyo mlio peke yake si hakimu.

Dalili kubwa ni mkato. Fundi alikikandamiza chombo juu ya gurudumu la chuma lizungukalo, huku mchanga na maji yakidondoka. Kisha akalainisha mikato kwa gurudumu la jiwe, na mwisho akaing'arisha kwa gurudumu la mti. Kazi hiyo ni kama mlango uliochongwa kwa patasi: ukitazama sana huoni nyota mbili zilizo sawa kabisa. Kioo cha kushindiliwa katika kalibu, ambacho Wamarekani walianza kukifanya kwa mashine katika miaka ya 1820, ni kama matofali ya kufyatua. Pitisha kidole juu ya nakshi. Kingo za mkato ni kali. Kingo za kalibu ni butu, na mara nyingi utaona ubavuni mstari mwembamba mahali vipande vya kalibu vilipokutana. Wako pia wenye hila waliofyatua nakshi kwanza, kisha wakanoa sehemu chache tu kwa gurudumu. Ukikuta kingo kali na butu katika chombo kimoja, jihadhari.

Wengi hukimbilia jina. Jina maarufu kuliko yote ni Waterford, mji wa Ayalandi. Mwaka 1745 Bunge la Uingereza lilitoza kioo kodi kwa uzito, na mafundi wa huko wakalazimika kufanya vyombo vyembamba visivyofaa kukatwa sana. Ayalandi haikutozwa kodi hiyo mpaka mwaka 1825, na ndipo kioo kinene kilipositawi huko. Kiwanda cha ndugu wa ukoo wa Penrose kilifunguliwa Waterford mwaka 1783, kikafungwa mwaka 1851. Kiwanda kingine chenye jina hilo kilianzishwa mwaka 1947. Kwa hiyo neno Waterford lililoandikwa kwa tindikali chini ya kitako si ushahidi wa ukale; lathibitisha kwamba chombo ni cha kiwanda kipya. Kazi ya kale haikutiwa alama ila kwa nadra. Kwa vyombo vya Marekani vya baina ya mwaka 1876 na Vita Kuu ya Kwanza, alama kama za Libbey na Hawkes huongeza thamani. Lakini ni hafifu mno, hazionekani mpaka uinamishe kioo mbele ya taa.

Kuhusu bei, msiulize muuzaji anataka nini. Ulizeni mnadani chombo cha namna ile kililipiwa nini. Mikato mirefu, kioo kisicho na rangi ya kijivu, na nakshi isiyopatikana kwa urahisi hupandisha bei. Umri peke yake haupandishi sana, na vyombo vingi vya karne ya 20 huuzwa leo kwa bei ndogo. Pengo hupunguza thamani, na vilevile ukungu mweupe ulioachwa na maji ya maua yaliyokaa muda mrefu, kwani ukiisha kukila kioo hautoki kwa sabuni. Mwisho tazameni mdomo. Nakshi ikikatika ghafula karibu na ukingo, au meno ya mdomo yakiwa bapa hali mengine ni makali, yamkini mdomo umesagwa ili kuficha pengo, na chombo si kirefu kama kilivyotoka mkononi mwa fundi.