Baiskeli Iliyolia Baada ya Kutengenezwa

Hapo zamani, wala si zamani sana kwa kuwa simu za tochi zilikuwa zimeshafika, palikuwa na kijana katika kijiji kimoja cha Nachingwea. Alikuwa na baiskeli ya Phoenix nyeusi, ile ndefu yenye keria ya kubeba gunia. Msimu baada ya msimu ilipeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi, hata cheni yake ikalegea na kuchomoka njiani kila mara.

Kijana akatoa hela ya ufuta iliyobaki, akanunua cheni mpya na mkono mmoja wa pedali, akavifunga mwenyewe chini ya mkorosho. Alikuwa na haraka. Jioni ile Namungo walikuwa wanacheza Uwanja wa Majaliwa kule Ruangwa, naye alishaapa hatakosa.

Akapanda. Baiskeli ikapiga kelele kuliko ilivyokuwa kabla ya kutengenezwa!

Hapa, wajukuu zangu, ndipo wengi hukasirika. Husema: cheni feki, muuza duka tapeli. Kijana naye alisema hayo hayo, kisha akaimwagia cheni oili chakavu ya pikipiki mpaka ikadondoka. Kelele zikapungua kidogo. Lakini mnalijua vumbi la kiangazi la kwetu. Likanata kwenye oili, likawa msasa wa majimaji, na kabla ya kufika mbali cheni ilikuwa inalia na kusagika kwa pamoja.

Dada yake, mtoto wa darasa la sita aliyekaa nyuma kwenye keria, akasema, "Kaka, tupitie kwa mjomba." Na kwa Wamwera kama wao neno la mjomba lina uzito, tena mjomba huyu alikuwa fundi baiskeli pale Ruangwa mjini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wapwa zangu. Leo baiskeli imebisha hodi kabla yenu."

Kijana akaanza kulalamika, akamwonyesha cheni. Mjomba hakushika spana. Akamwambia, "Panda, uzunguke ule mwembe polepole. Na wewe, binti, sikiliza halafu uniambie kelele ni ngapi."

Kijana alidhani ni moja. Binti akasikia nne.

Ya kwanza ilikuwa trrrr, nayo ilisikika kaka alipoacha kukanyaga. Mjomba akasema hiyo iachwe. Ndani ya friwili kuna vijino vidogo vinavyorukaruka mguu ukitulia, na friwili isiyotoa sauti hiyo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Ya pili ilikuwa ko! mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, mguu wa kulia ukishuka. Kelele inayokuja mara moja kwa mzunguko wa mguu haiwezi kutoka kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara mbili mguu ukizunguka mara moja. Itafutwe kwenye pedali, au kwenye mkono wake. Na mkono ule si ndio uliofungwa leo? Mjomba akaitazama kotapini, kile chuma kinene kilichochongwa ubavu mmoja, kinachobana mkono wa pedali kwenye ekseli. Kijana alikuwa ameivuta kwa kukaza nati tu. Kotapini hupigwa nyundo kwanza mpaka ikae, ndipo nati ikazwe, na baada ya safari ya kwanza ikazwe tena. Mjomba akapiga mara tatu, akakaza. Ko ikaisha.

Ya tatu ilimsumbua binti. Tak! halafu kimya, kisha tak! tena, lakini haikulingana na mguu wala na gurudumu. Mjomba akamuuliza sproketi ya mbele ina meno mangapi. Akahesabu: 48. Na cheni ina viungo vingapi? 112. "Gawanya."

Akaandika mchangani kwa kijiti. Mbili na theluthi. Wakageuza baiskeli juu chini, wakasokota pedali kwa mkono, na tak ikaja kila baada ya mizunguko miwili na kidogo. Basi mkosaji alikuwa kiungo kimoja cha cheni, kinachopita mara moja cheni ikimaliza duara lake. Wakakipata pale pale kijana alipounganisha: pini ilikuwa imegongwa kupita kiasi, mabamba mawili yakabana, kiungo kikagoma kukunjika. Mjomba akashika cheni kwa mikono miwili, akaipinda kidogo ubavuni, huku na huku, kikalegea. Tone moja la oili safi, likafutwa kwa kitambaa. Oili kazi yake iko ndani ya viungo. Ile inayobaki nje hukusanya vumbi tu.

Ya nne, kwaruza-kwaruza, haikuchukua muda. Gurudumu la nyuma lilivutwa likapinda, cheni ikawa inasugua kava. Likanyooshwa, nati zikakazwa, cheni ikaachiwa ulegevu wa kupanda na kushuka kama sentimita moja hadi mbili katikati yake.

Kijana akapanda kwa furaha. Akafika kwenye mwinuko, akakanyaga kwa nguvu, na KRAK! cheni ikaruka juu ya meno, nusura aanguke.

Hii ndiyo kelele ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa cheni mpya husingiziwa. Kijana akarudi, na mjomba akaazima utepe wa fundi cherehani jirani, akaipima cheni ya zamani, ambayo kijana alikuwa amekuja nayo. Ukianza katikati ya pini na kuhesabu viungo 24, cheni isiyochakaa hufika inchi 12 kamili. Ile ilipita kwa zaidi ya sehemu moja ya nane ya inchi. Chuma hakikuvutika, hapana. Pini zimelika ndani ya matundu yake. Kila kiungo kikilika sehemu moja ya kumi ya milimita tu, cheni ya viungo 112 hurefuka zaidi ya sentimita moja.

Na cheni iliyorefuka hula meno ya friwili mpaka yafuate urefu wake. Vimezeeka pamoja, vinaelewana. Ukileta cheni mpya yenye vipimo sahihi, haikai vizuri kwenye meno yaliyolala upande. Kwenye tambarare itavumilia, ila mlimani, au ukipakia gunia la korosho, itapanda juu na kuruka. Ilibidi friwili nayo ibadilishwe.

Binti akauliza, "Mjomba, mwalimu anasema ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, yale ya kwenye penseli, na kinywe huteleza. Kwa nini tusiipake cheni penseli?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Kweli kinywe huteleza, kwa kuwa ni matabaka membamba ya kaboni yanayoteleza moja juu ya jingine, na viwandani hutiwa kwenye vilainishi. Ila penseli imechanganywa na udongo wa mfinyanzi, na tena huwezi kuifikisha ndani ya pini. Penseli ibaki na daftari.

Mechi waliisikiliza kwenye redio ya mjomba.

Nanyi mkienda kujaribu nyumbani, mwenye kusokota pedali na mwenye kusikiliza wasifanye mchezo. Geuza baiskeli, shika pedali tu, vidole vikae mbali na cheni na meno, na usiguse cheni mpaka gurudumu lisimame kabisa. Sproketi hukata kidole, hata ikizungushwa kwa mkono.