Je, Wajua? Bustani ya Masika Arusha
Mvua za masika, Machi hadi Mei, ndizo huamsha bustani za nyuma ya nyumba Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Udongo wa volkano una rutuba. Mchicha hutangulia: huchomoza na vijani viwili vyembamba, na baada ya wiki 3 au 4 hung'olewa pamoja na mizizi, tayari kwa sufuria. Mnavu huchelewa, lakini una faida: ukichumwa ncha, huchipua matawi mapya. Kufikia Juni mvua zimekatika na baridi imeingia. Mboga hukua polepole. Aina za mboga hizo za asili hutafitiwa jirani, Tengeru, katika kituo cha World Vegetable Center.