'Huria' si 'bure', wala si kukosa mwamuzi

Tunaposema 'programu huria', aghalabu msikilizaji hudhani ni programu ya bure. La hasha! 'Bure' ni habari ya bei. 'Huria' ni ruhusa ya kusoma msimbo wa programu, kuunakili na kuubadilisha. Sasa, ikiwa kila mtu ana ruhusa, nani huamua badiliko lipi liingie?

Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru wana mfano mlangoni. Hapo Nchiru ndipo palipo na nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, ambao hujadiliana mpaka waafikiane. Programu huria nazo huwa na wasimamizi wachache wanaopokea au kukataa kazi ya wengi. Ila nguvu yao ni ridhaa ya hao wengi.

Mwaka 1956 Njuri, kwa msukumo wa wakoloni, ilipiga marufuku ukeketaji. Leo tungeipongeza, sivyo? Lakini wasichana hawakuwa wameshirikishwa. Wengi walijikeketa wenyewe, wakaitwa 'Ngaitana', yaani 'nitajitahiri'. Watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa.

Kwenye programu, asiyeridhika hahitaji kukaidi: hubeba nakala akaanzisha mradi wake. OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri mwaka 2004 kwa jina Jambo OpenOffice, iligawanyika hivyo mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice. Mgawanyiko huo ningeuita 'mchepuo'. 'Mchepuko' vijana wameshalitwaa kwa mambo ya mapenzi.