Dawa za Kutoa Maji kwa Mgonjwa wa Moyo: Je, Kilicho Ghali Ndicho Bora?



Kona Baridi, juu ya Kiserian katika barabara ya kwendea Magadi, ni mahali pa upepo na ubaridi. Tuchukue mfano wa mama mzee aishiye huko, ambaye moyo wake umedhoofika. Miguu imemvimba, na akilala pumzi humbana. Wanawe wamesikia habari za kidonge kingine cha kutoa maji, chenye bei ya juu, nao wanajiuliza kama wakope ili wakinunue. Swali hili lastahiki jibu la wazi.

Moyo ukidhoofika hushindwa kusukuma damu ya kutosha, na figo huzuia chumvi na maji. Maji hayo hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Dawa hizi huzifanya figo ziitoe chumvi, na maji huifuata.

Ya kwanza ni furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix. Huanza kazi ndani ya saa moja, na nguvu yake hudumu kama saa 6. Kasoro yake ni kuwa tumbo haliipokei sawasawa: kwa wastani nusu tu huingia katika damu. Ya pili, torasemidi, huingia kwa asilimia 80 au zaidi, na hudumu zaidi. Kwa ajili hiyo matabibu wengi walitaraji kwamba ingeokoa maisha mengi zaidi.

Basi wataalamu wa Marekani wakazilinganisha kwa wagonjwa 2,859 waliokuwa wamelazwa hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: katika kila kundi walifariki wagonjwa kama 26 kwa kila 100. Hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo familia isiingie katika deni kwa kudhani kuwa kidonge cha bei kitarefusha umri. Daktari akiona furosemidi haimfai mgonjwa fulani, hiyo ni sababu nyingine ya kubadilisha.

Ya tatu ni spironolaktoni. Mkojo wake si mwingi, na kwa hivyo wengine huidharau. Lakini utafiti wa mwaka 1999, uliohusu wagonjwa 1,663 wenye moyo uliodhoofika sana, ulionyesha kuwa ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Kumbe wingi wa mkojo si kipimo cha manufaa! Hata hivyo huweza kuzidisha potasiamu katika damu, ilhali furosemidi huipunguza; hivyo vipimo vya damu na figo havina budi. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia mimba, amweleze daktari mapema.

Khatari kubwa ni kuiacha dawa. Wako wanaoruka kidonge siku ya safari au ya harusi kwa kuchelea kutafuta choo njiani. Hilo lisifanywe, muulizeni daktari kama kidonge chaweza kumezwa baada ya kurejea nyumbani. Mpimeni mgonjwa uzito kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya kifungua kinywa. Ukiongezeka kilo 2 kwa siku 3, apelekwe hospitali. Chumvi ipunguzwe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe kiholela, kwani huzuia maji na kudhuru figo. Akiharisha au kutapika, daktari aulizwe upesi.

Na Ramadhani ikifika, mgonjwa asijibadilishie saa za dawa. Mwenyezi Mungu amempa ruhusa ya kula. Akipona atalipa, na asiyetarajiwa kupona atatoa fidia. Kuitumia ruhusa hiyo si upungufu wa imani.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.